Kikombe cha Mwisho cha Bilali

Haya, weka pembeni hiyo simu, nikutegee moja. Nyumbani kwangu kuna mpishi. Anapika mchana, anapika usiku, hajawahi kuomba kupumzika. Ukimpiga, kimya. Ukimchoma, kimya. Siku utakayosikia sauti yake, ujue nyumba yote imekwisha kuinama. Ni nani?

Usijibu haraka. Inspecta Tamar naye hakuwa na jibu asubuhi ile, na angekuwa nalo, mambo yangepita njia nyingine. Au pengine yangepita njia ileile. Sikiliza kwanza.

Mvua ilikuwa imeosha Butembo, na udongo mwekundu umeteremka mpaka mlangoni mwa biro ya polisi. Mbele ya lango walisimama vijana. Wawili kati yao walikuwa wamekalia tairi kuukuu la gari, na gari lenyewe halikuwepo. Tamar alijua tairi lile limekuja kuvishwa mtu shingoni na kuwashwa moto. Alinyanyua sketi yake asichafuke, akapita katikati yao.

"Wabukire, Mama Inspecta," mmoja akamwamkia kwa adabu nyingi. "Sisi hatuna shida na wewe. Utupe tu ule mama muuza chakula."

"Na mukishapewa?"

"Tutamuuliza."

"Mutamuuliza na tairi?"

Mmoja akacheka. Wenzake hawakucheka. Yule wa adabu akasema, "Chef yetu, mwenye kutuamuru leo, ni Mama Hadjara, mama ya marehemu. Akisema turudi nyumbani, tunarudi. Mais mpaka sasa hajasema."

Marehemu aliitwa Bilali. Alikuwa dereva wa lori, Mwislamu wa swala tano, anapakia kakao kutoka Oicha na Beni kuleta Butembo. Alikufa Ijumaa hospitalini, anatapika damu, na jua halijatua alikuwa ameshazikwa, kama dini yao inavyotaka. Mashtaka yalifika polisi Jumamosi. Kwa hiyo Tamar alipewa kesi ya sumu isiyo na maiti, isiyo na chungu, isiyo na hata tone la kupimwa. Na hata angekuwa na tone, angelipeleka wapi? Njia ya Goma, kwenye maabara, imefungwa. Parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, ilikuwa imempigia simu: ama alete ushahidi leo, ama mtuhumiwa ahamishwe gerezani. Njia ya kwenda gerezani inapita mbele ya lile tairi.

Mtuhumiwa alikuwa kwenye kasho, chumba cha mahabusu, amekaa juu ya kiatu chake kwa sababu sakafu ilikuwa na maji. Anne-Marie, mjane wa Beni, mwenye mgahawa karibu na parkingi ya malori. Polisi wa Beni walimleta Butembo baada ya mgahawa wake kupigwa mawe, wakidhani huku angefichika.

"Tuanze tena," Tamar akasema. "Bilali alikula nini kwako mara ya mwisho?"

"Bugali, sombe na samaki. Yeye na Moustapha, dereva mwenzake. Sahani moja."

"Na alikunywa nini?"

"Maji ya bidoni yake, ile dumu ya lori. Hata chai yangu alikataa. Aligusa bugali kidogo tu akasema ameshiba. Nikamuchokoza, nikasema, Bilali, umepata mupishi mwingine?" Anne-Marie akafuta pua kwa kitambaa cha kichwa. "Alikuwa na kanzu. Ule mutu alikuwaka na pantalo na mukaba siku zote. Tangu Ramadhani anakuya na kanzu tu. Nilizania ni ibada."

"Juu ya nini batu banasema ni wewe?"

"Juu hakunywaka pombe! Tumbo ya maji, banasema, ni ya balevi. Bilali hakunywa, donc ni sumu. Na kama ni sumu, ni ya mwenye sufuria. Hesabu yao ndiyo hiyo. Mama Inspecta, bwana yangu alikufa akaniachia sufuria tu. Niue mutu mwenye kula kwangu, kesho nimupikie nani?"

Tamar akamwachia kiti chake mwenyewe akalie, akatoka.

Moustapha alikuwa anamsubiri kwenye korido, hajaitwa. Mtu mrefu, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko.

"Nimekuja kusema neno moja. Tulikula sahani moja, vidole vyetu vinagongana kwenye samaki. Kama kulikuwa sumu, mimi niko nafanya nini hapa?"

"Batu banasema kuna sumu inachagua."

"Basi hiyo sumu imesoma kuliko mimi."

"Alianza kuugua lini?"

Moustapha akajikuna shingo. "Mimi ninajua siku ya damu tu. Mwenzetu alipata ajali njia ya Oicha, tukaenda kumutolea damu. Mimi walinichukua. Bilali walimurudisha. Nikamuuliza juu ya nini, akacheka, ati damu yake imechoka. Akaniapisha nisiseme nyumbani. Ule, hata homa alikuwa anamuficha mama yake. Na ile ni zamani, Mama Inspecta, batoto bake ba mwisho walikuwa hawajazaliwa."

"Ijumaa mulikuwa wapi, nyinyi banaume?"

"Wote msikitini. Tuliporudi tulikuta shuka juu ya uso."

Tamar akamshukuru. Mpaka hapo alikuwa na kanzu inayoficha tumbo na damu iliyokataliwa, vyote viwili vya kabla ya ule mlo wa Beni. Ilitosha kumwondolea Anne-Marie tuhuma mbele ya hakimu mwenye subira. Mbele ya tairi haikutosha.

Na kulikuwa na swali jingine lililomkaa. Jana yake, kwenye kilio, alimwuliza Mama Hadjara, "Mama, kitu cha mwisho Bilali alikunywa, nani alimupa?" Bibi yule aliinamia tasbihi yake, vidole vikasimama. Kisha akasema, "Ule mwanamuke wa Beni ameniulia mutoto." Mabinti wakaanza kulia, na swali likafunikwa. Tamar amewahoji watu wengi. Alijua kwamba hilo halikuwa jibu la alichouliza.

Akachukua moto, pikipiki ya abiria, mpaka hospitali.

Dokta Edmond alimpokea amesimama, kwa sababu kiti cha biro yake kilikuwa kimeazimwa na mgonjwa. Kijana bado, lakini macho ya mzee.

"Cirrhose," akasema. "Maini yamekauka, yamekuwa makovu matupu."

Basi, kama hukupata kitendawili changu, jishike mbavu za kuume, chini kidogo. Mpishi anakaa hapo.

"Mais hakunywaka," Tamar akasema.

"Haikuwa pombe. Ni hepatite B. Inakula maini polepole, miaka na miaka, mutu anapakia malori, anaoa, anazaa. Siku tumbo inavimba, kazi imekwisha."

"Aliipata wapi?"

"Inaweza kuwa sindano, wembe. Mais wengi wanaipata wakiwa bachanga, siku ya kuzaliwa." Akashusha sauti. "Kutoka kwa mama. Naye mama hajui kama iko nayo."

Tamar alikuwa anaandika. Hapo akaacha.

"Nani alimuua, dokta?"

"Unatafuta mmoja. Mimi niko nao wengi. Alichelewa, nyumbani walimuzungusha kwanza kwa waombezi na kwa banganga ba majani. Alipofika kwangu macho yalikuwa manjano. Nilichoma tumbo na sindano, maji yakatoka na mikrobe. Mkojo ukawa kidogo, kidogo, ukakauka. Jumatano akaniita Moustapha. Alhamisi hakujua kama iko Butembo ao Beni. Mutu akianza kupotea kichwa hivyo, mimi mwenyewe ninaanza kuomba. Kisha damu. Mishipa ya kwenye koo ya chini inavimba na hii ugonjwa, ikipasuka tunahitaji mashine ya kuingia kuifunga. Hapa hatuna. Nilitafuta mutu wa kutoa damu, nikazunguka hopitali yote, sikuona mwanaume wa familia hata mmoja. Ilikuwa saa ya swala."

"Hiyo mishipa inapasukaka yenyewe?"

"Inaweza." Akafikiri. "Inaweza pia kusukumwa. Kutapika kwa nguvu, par exemple."

"Alitapika kitu mbele ya damu kutoka?"

"Nilipoitwa, damu ilikuwa tayari sakafuni. Uliza mwenzake wa kitanda cha pili."

Mwenzake huyo aliitwa Zorobabel, mchimba dhahabu wa Manguredjipa. Miguu myembamba kama ya korongo, na juu yake tumbo limevimba, linang'aa. Alipomwona Tamar akajaribu kukaa vizuri, akashindwa, akacheka mwenyewe.

"Karibu, mama mukubwa. Usiogope, hii haipasuki. Mimi nilikunywa kasiksi, nikakunywa lutoko, nikakunywa mpaka fungu ya Bilali. Yeye hakugusa hata tone. Sasa ona, Mungu ametugawia tumbo moja. Kule shimoni mwenye kuchimba na mwenye kulala hawalipwi sawasawa. Huku tunalipwa sawasawa."

"Ijumaa ulikuwa hapa?"

"Ningeenda wapi, kucheza mpira?"

"Alitapika nini?"

"Damu, mama. Damu ya kuogopesha."

"Kwanza."

Zorobabel akaangalia dirisha. Tamar alivuta ndoo iliyokuwa pale, akaigeuza, akaikalia, kama mtu aliyekuja kumtembelea ndugu yake. Chini ya kitanda kilichokuwa cha Bilali bado kulikuwa na beseni la plastiki. Lilikuwa limesuguliwa, lakini kwenye pindo la chini ilibaki alama ya kijani kibichi.

"Kwanza majani," Zorobabel akasema hatimaye. "Kijani, sawa sombe haijapikwa. Alitapika mpaka anainuka kitandani. Kisha nyekundu."

Beseni halikuwa na harufu. Harufu ilitoka upande mwingine, chungu, ya majani yaliyochachuka. Tamar akainama chini ya kitanda cha Zorobabel. Mgonjwa akaangusha blanketi kuziba, lakini mkono wa Inspecta ulikuwa umeshapita. Ukatoka na chupa ya bia, imezibwa kwa jani la mgomba lililosokotwa, ndani maji mazito ya kijani.

"Iache, mama. Hiyo ni yangu."

"Ni nini?"

"Dawa ya kutapisha sumu. Kuna muzee wa Kipese anaichemsha. Mutu akitegwa sumu, anakunywa, sumu inapanda inatoka. Kule Manguredjipa kuna wivu, pengine na mimi walinitega, nani anajua?"

"Nani alikupa?"

"Mutu wa huruma."

"Jina?"

"Nitamutaja, halafu mumufunge? Aliniona niko peke yangu, sina wa kuniletea hata uji. Akanigawia. Sitaje."

"Juu ya nini haukunywa?"

"Nilingoja nipate nguvu. Baada ya kuona Bilali nikaogopa kidogo." Akanyoosha mkono. "Nirudishie. Dokta ananipa nini, mama? Ananipa maji ya serumu na macho ya huruma. Sipati mutu wa kuniambia nitapona. Hiyo chupa peke yake ndiyo iliniambia."

Tamar akasimama na chupa mkononi. Angetaka kumpa kitu badala yake, hata uongo mdogo, akatafuta, akakosa. Zorobabel akageukia ukuta.

Dokta Edmond alinusa chupa akarudisha kichwa nyuma.

"Mutu muzima atatapika, atalala, ataamka. Mwenye ile mishipa, hapana."

"Bila hii angepona?"

"Kupona, hapana. Kuishi, pengine juma moja. Pengine asingeona Jumamosi. Siwezi kuapa."

"Niandike nini, dokta?"

"Andika kwamba mimi sijui."

Hakuandika. Alisimama kwenye veranda ya hospitali akiwaza kwa mpangilio, kama walivyomfundisha. Mtu wa Ijumaa, saa ya swala. Mtu aliyekuwa karibu na kitanda wakati wanaume wote wapo msikitini. Mtu anayemwonea huruma mgonjwa mgeni mpaka anamgawia dawa ya mwanawe. Simu ikalia kabla hajamaliza, ingawa jibu alikuwa amekwisha kulipata.

Ilikuwa Nzanzu, polisi aliyebaki kulinda lango.

"Mama Inspecta, bamekuwa wengi. Na Beni wanasema mabati ya ule mama yameng'olewa, mgahawa umebaki nguzo. Mimi niko na wenzangu wawili, na hawa ni jirani zetu. Sijue kama wenzangu watasimama."

"Wanataka nini?"

"Wanangoja neno ya Mama Hadjara. Wakikosa, watafanya ya kwao."

"Simama hapo hapo. Nitakupigia niko kwa huyo mama."

Nyumba ya Mama Hadjara ilikuwa na mikeka mpaka uani, na wanawake wamejaa. Bibi mwenyewe alikaa kwenye kona, mdogo, kanga nyeupe imemzunguka. Alipomwona Tamar aliagiza aletewe chai. Tamar akavua viatu, akaketi mkekani mbele yake, akaomba mabinti wawaachie nafasi. Wakasogea mpaka mlangoni, hawakutoka.

"Umekula, mwanangu?" Mama Hadjara akamwuliza. "Unakonda na hii kazi."

"Nimekula, mama." Hakuwa amekula. Akafungua kitambaa, akaiweka chupa kati yao.

Mama Hadjara akaipima kwa macho ilivyojaa.

"Zorobabel hakunywa?"

"Hakunywa."

"Masikini. Nilimwachia ya kutosha. Yule mutoto hana mama."

Binti mmoja mlangoni akasema, "Mama, usiongee." Bibi akamnyamazisha kwa kidole tu.

"Bamenikataza dawa ku hopitali," akaendelea. "Mulinzi anafungua vikapu vyote. Mais thermos ya chai ya bibi muzee, nani anafungua? Ule mwanamuke alimupa sumu, mwanangu, nani asiyejua? Mutoto wangu hakunywaka pombe. Muzee wa Kipese aliniambia, ikitoka kijani, endelea kungoja, sumu iko chini. Ikatoka kijani. Halafu ikatoka nyekundu." Sauti yake ikapanda, karibu ya furaha. "Niliiona kwa macho yangu! Nikasema alhamdulillahi, sasa inatoka. Nilimushika kichwa, nikamwambia, toa yote, toa yote."

Simu ya Tamar ikatetemeka. Jina la Nzanzu. Akaiacha itetemeke. Alikuwa na maneno ya dokta kichwani, yote. Yale ya siku ya kuzaliwa aliyafungia, akaamua hayatatoka kinywani mwake hata kwa hakimu. Mengine hakuwa na namna.

"Mama, kijani ilikuwa dawa. Ile nyekundu haikuwa sumu. Ilikuwa damu yake."

Mama Hadjara hakulia. Alivuta kanga kifuani, kama baridi imeingia.

"Alikuwa mugonjwa zamani," Tamar akaharakisha. "Hata bila chupa dokta anasema asingepona. Maini yake yalikuwa yamekwisha. Hakuna mutu alimutega, mama. Moustapha alikula naye sahani moja."

"Maini," bibi akasema. "Ya Bilali."

"Ndiyo, mama."

"Na dokta alijua kumuponesha?"

"Hapana."

"Na wewe unajua kitu?"

"Hapana, mama."

"Basi wote tulikuwa pale tu." Akaigusa chupa kwa ncha ya kidole, akaisogeza mbali kidogo. Simu ikatetemeka tena. "Nani anakupigia hivyo?"

"Polisi wa lango. Vijana wamezunguka biro. Wanangoja neno yako."

"Ule mama wa Beni iko na batoto?"

"Iko nao watatu."

Mabinti mlangoni walikuwa wameanza kusema wote pamoja, mama nyamaza, mama watakufunga, mama watasema nini msikitini. Mama Hadjara akanyoosha kiganja.

"Weka sauti, wasikie."

Tamar akapokea, akaiweka simu mkekani, kando ya chupa. Kelele za barabarani zikajaa chumbani, pikipiki, mtu anaimba, kisha yule kijana wa adabu, Nzanzu amempa simu: "Mama Hadjara? Ni sisi batoto bako. Sema tu, mama."

Bibi akainamia simu kama mtu anayenong'ona kwa mgonjwa.

"Inspecta aliniuliza jana kitu, sikumujibu. Aliniuliza kitu cha mwisho Bilali alikunywa, nani alimupa." Vidole vyake vilikuwa vinatafuta tasbihi, havikuiona. "Alikunywa mu mukono wangu. Alikunywa nusu, akasema, mama, iko uchungu. Mimi nikamwambia, maliza."